Shubiri ya Nani

Naanza na kanuni zenyewe, maana zote zinaenea katika pumzi moja:

Zamu yako ikifika, sogeza kikosi kimoja shubiri moja. Ukigusana na adui, kila mmoja arushe vipande vyake vitatu vya kibuyu. Mwenye vingi vilivyolala chali ameshinda. Aliyeshindwa atoe askari mmoja, arudi nyuma shubiri moja. Asiye na pa kurudi, kikosi chake kimekwisha. Atakayekaa juu ya kilima mpaka zamu yake irudi tena, vita ni vyake.

Basi, hakuna zaidi. Askari ni maharage, au mahindi, au chochote kisichoviringika sana. Mjomba ndiye aliyenifundisha, nyumbani kwetu milimani juu ya Mbeya, wakati wa mvua ambazo hazimruhusu mtu kutoka nje. Yeye alikuwa askari Burma, na huko aliona maofisa wakiinamia sinia kubwa la mchanga, wanasogeza vijiti na kubishana. Aliporudi alitengeneza vita vyake mwenyewe juu ya meza yetu ya kulia. Nilimuuliza kwa nini kanuni ni chache hivyo, akasema, "Amri ndefu haifiki mbele, mpwa wangu. Wa kwanza anaambiwa shika kilima, wa mwisho anasikia pika viazi."

Tulicheza mpaka bibi akadai maharage yake. Mimi nilikuwa nanyoosha kidole tu kuonyesha kikosi ninachotaka, na mjomba ananisogezea. Hata kwa mjomba wangu mwenyewe naona haya. Mimi ni mtu wa haya kweli, sina sababu ya kuficha hapa. Darasani nikiulizwa, jibu ninalo, lakini sauti inagoma kooni. Mama husema nilizaliwa nimefunga mdomo mpaka mkunga akaogopa.

Sasa sikia jinsi mchezo huo ulivyonitoa mafichoni.

Mwanzo wa muhula nilipanda basi kwenda shuleni, upande wa Iringa, nikiwa na sanduku langu la bati na kimfuko cha maharage mekundu. Karibu na Nyololo basi likazama kwenye tope. Abiria wote chini. Wanaume wakavua viatu wakasukuma, kina mama wa pale wakaja na viazi vya kuchemsha, maana basi likikwama kwao ni soko. Mimi nilikaa juu ya sanduku langu kando ya barabara, nimekumbatia kimfuko. Akaja kukaa karibu yangu mwanafunzi wa darasa la kumi na moja. Nilikuwa namwona shuleni kwa mbali: mrefu, ananyoa ndevu, amechunga ng'ombe na kulima shamba la baba yake miaka kadhaa kabla ya kupelekwa shule. Wote tulimwita kaka, hata wengine wa darasa lake.

"Mdogo wangu, umebeba nini humo? Dawa?"

"Maharage," nikasema.

"Maharage! Shuleni tunakula maharage leo, kesho na keshokutwa, nawe unaona hayatoshi, unaongeza ya kwako?"

Watu wakacheka. Ningependa kuzama topeni kama basi. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuchungulia, akaona vile vipande vya kibuyu, akauliza ni vya nini. Hapo nikaona jambo la ajabu. Kama kanuni zingekuwa ndefu, nisingeweza kumweleza, ningetikisa kichwa tu, habari ingeishia hapo. Lakini zilikuwa fupi. Nilizisema zote kabla aibu haijanikamata. Yeye hakuwa hata amemaliza kumenya kiazi chake.

"Basi?"

"Basi."

"Lete sanduku."

Tukasafisha sanduku, jiwe likawa kilima, akamwomba mama mmoja kiganja cha punje za mahindi. Vita ya kwanza alishindwa. "Tena!" akasema. Ya pili tulipolingana vipande akauliza, "Tukilingana je?" Mjomba hakusema, nikajibu tu, "Turudie," naye akakubali. Basi lilipotoka topeni dereva alitupigia honi mpaka akachoka. Tulipanda na sanduku hivyo hivyo, limebebwa sawasawa kama jeneza ili askari wasianguke, tukaendelea kupigana magotini.

Kwao ni Ipogolo, pale chini kabla barabara haijapanda mlima kuingia mjini; likizo ile alikuwa amekwenda kwa shangazi yake Mbeya. Mama yake alikuwa amesimama kando ya barabara na mkungu mdogo wa ndizi za kumpa mwanawe, anapunga mkono. Sisi tumeinama. Mapigo ya kiganja chake kwenye bati la basi ndiyo yaliyotuinua.

"Kamwene, wewe! Umekuwa kipofu? Mama yako nimesimama hapa kama nguzo!"

"Kamwene mama, samahani, nilikuwa vitani."

"Vitani! Na ndizi huzitaki?"

Tulizila ndizi tukipanda mlima. Sijawahi kusafiri safari fupi kama ile.

Shuleni mchezo ulienea kama moto wa nyasi. Hakuna aliyehitaji kusomeshwa. Mtu anakuja kutazama, vita moja anaelewa, ya pili anatoa ushauri, ya tatu anakusukuma utoke umpishe. Wa darasa la tisa waliwapiga wa darasa la kumi na mbili mchana kweupe. Kati ya kengele ya kazi za mikono na kengele ya chakula vita iliweza kuanza na kwisha, na aliyeshindwa akapata muda wa kulalamika. Jumamosi tukiruhusiwa kwenda mjini, tulikuwa tunaingia soko la Mlandege na kuchagua maharage kama watu wanaoandikisha jeshi. "Hili limetobolewa na mdudu." "Liache, hilo ni majeruhi." "Chukua, limeshapigwa risasi, haliogopi tena." Kina mama wauzaji walituona wendawazimu.

Na mimi, jamani! Watu walikuwa wananijia. "Wewe mwenye kanuni, njoo uamue." Sikuhitaji kusema mengi, nilisema sentensi moja kati ya zile za mjomba, inatosha. Kabla ya hapo nilikuwa yule kijana wa dirishani, mtu unayemkumbuka ukihesabu vitanda tu. Sasa nilikuwa na mahali pa kukaa mezani. Kila asubuhi niliamka na hamu kama ya Krismasi.

Kisha tukaingia vita vya mikono.

Shubiri, kila mtu anaijua, ni kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Juu ya sanduku la bati haidhuru, hatua moja umeshamfikia adui. Lakini sasa tulikuwa tunacheza kwenye meza ndefu za bwalo, na shuleni kwetu kuna watoto na kuna watu wazima wanaosoma pamoja. Yule kaka akifungua kiganja chake ni kama amefungua gazeti. Mahindi yake yalikuwa kilimani wakati maharage ya wenzangu bado yanaamka. Alikuwa hadanganyi, kanuni inasema shubiri moja naye anapima shubiri moja. Akashinda, akashinda tena, na vijana wa Iringa wakaanza kupiga meza na kuimba kila anapoingia bwaloni.

"Jeshi lake linatembea kwa lori!" akapaza sauti mmoja wa upande wetu wa Mbeya.

"Na lenu linatembea kwa ndizi! Kula ugali uote mikono!"

"Ulanzi umekupanda kichwani wewe!"

"Kanuni inasema shubiri. Haikusema shubiri ya mtoto."

"Haikusema ya jitu pia!"

Wote wakanigeukia. Mwenye kanuni, njoo uamue. Nami nikatafuta katika zile sentensi za mjomba, nikazipitia zote kichwani, hapakuwa na kitu. Mjomba hakusema shubiri ya nani. Mtu akasukuma meza, mahindi na maharage yakamwagika sakafuni pamoja, na vijana wawili wakashikana mashati.

Bwana mwalimu wa zamu aliingia na fimbo kwapani. Hakumpiga mtu. Alitazama sakafu, akaokota harage moja, akaligeuza geuza.

"Maharage mazuri haya," akasema. "Nikisikia ugomvi wa vita hivi tena, jeshi lote, mahindi na maharage, linakwenda jikoni. Mtakula askari wenu na chumvi. Na mchezo umekwisha katika shule hii."

Hapo wasomi wa chama cha mdahalo wakasema dawa ni moja: kanuni ziandikwe upya, zisiache shimo hata moja. Walikaa darasani alasiri nyingi. Wakatoa sheria zenye sura na vifungu. Shubiri ilifutwa, ikawekwa rula. Kulikuwa na sura ya mito, sura ya mvua, sura ya chakula cha askari, na kifungu cha askari aliyetobolewa na mdudu. Nakiri nilizisoma kwa furaha mwanzoni. Zilikuwa na akili. Kanuni za mjomba hazijui tofauti ya mkuki na bunduki, kwake mto ni mahali pakavu kama pengine, na ukishajua kukimbilia kilima umejua karibu yote. Hizi mpya zilijua kila kitu.

Jumamosi tukakaa kuzijaribu. Mchana kutwa harage hata moja halikuvuka mto. Mmoja anasogeza, mwingine anasema ngoja, kifungu cha mvua. Wanatafuta. Wanakipata, lakini kimeandikwa kwamba kisomwe pamoja na kifungu kingine. Wanatafuta kingine. Mwandishi wa sheria mwenyewe hakukumbuka alichoandika, akawa anajipinga. Nje walianza mpira, na kila nilipoinua macho benchi lilikuwa limepungua mtu. Hakukuwa na ugomvi, hilo ni kweli. Watu hawagombani usingizini.

Wiki hiyo hakuna aliyenijia. Nilirudi dirishani kwangu, kimfuko mfukoni. Nilikuwa naona wazi kabisa kwamba mchezo unakufa, na ukifa nakwisha nao mimi, maana sikuwa na kitu kingine cha kunikalisha na watu. Niliona uchungu kuliko nilivyotegemea. Nililia kidogo nyuma ya chumba cha kuogea, halafu nikanawa uso.

Hapo bombani ndipo kaka aliponikuta.

"Mdogo wangu," akasema, "zile sheria za wasomi zimenishinda. Lete za mjomba wako. Vita moja kabla ya kufunga shule. Iringa na Mbeya. Watakaoshindwa wakachukue kuni za jikoni msituni Jumamosi zote zilizobaki."

"Nani atacheza upande wetu?"

"Wewe. Nani mwingine?"

"Watagombana tena. Mikono..."

"Eeh, mikono." Akavitazama viganja vyake kana kwamba amepewa jana. "Hilo sasa ni lako. Wewe ndiye mwenye kanuni."

Nilihangaika nalo siku zote zilizofuata. Niliogopa kuongeza kifungu, maana nilishaona jinsi vifungu vinavyozaana. Jibu halikunijia katika kufikiri vita hata kidogo, lilinijia nikifunga sanduku langu kwa kamba. Kule kwetu kamba inauzwa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mama akienda sokoni kununua kamba ya mbuzi humchukua mjomba, kwa sababu mjomba ana mikono mirefu. Muuzaji naye si mjinga, humwita mwanawe mdogo apime. Wanacheka, wanabishana, hakuna anayekasirika, na kamba haifunguliwi mpaka wamekubaliana ni mkono wa nani. Wakishakubaliana, hata ukiwa mrefu namna gani, ni mkono huo huo kwa kila anayenunua. Jambo hilo halijaandikwa popote. Watu wanaulizana tu.

Kuulizana! Nilikaa juu ya sanduku nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilielewa maana yake. Kanuni fupi nilizipenda kwa kuwa ziliniruhusu nisiseme. Kumbe ndizo zinazotaka mtu aseme kuliko zote.

Siku yenyewe mvua ilinyesha, mpira ukashindikana, bwalo likajaa mpaka madirishani. Tulitandika blanketi juu ya meza, chini yake tukafunika bakuli la bati likawa kilima, na mikunjo ikawa mabonde. Maharage yangu upande huu, mahindi yake upande ule. Kura ikamwangukia yeye aanze. Akanyoosha mkono. Bwalo zima likavuta pumzi ili lipige kelele.

"Kaka," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Kaka, kabla hatujafungua kamba. Tukubaliane mkono wa nani."

"Kamba gani?" akauliza mtu nyuma.

Nikaeleza. Mbele ya watu wote wale nilieleza kuhusu mama na mbuzi na muuzaji na mjomba. Waliotoka milimani walianza kucheka kabla sijamaliza, maana mama zao wanafanya hivyo hivyo, na mmoja wa Iringa akasema, "Kwetu tunamchukua shangazi, mrefu kama mlingoti!" Nikasema shauri langu lilikuwa mkono wa kaka upime majeshi yote mawili. Yeye ndiye mkubwa wetu, tumchukulie kama mpimaji wa soko.

Kaka alinitazama, akacheka kwa sauti yake nene. "Yaani niwe mtumishi wa maharage yako?"

"Na wa mahindi yako."

"Haya. Twende."

Oh, ilikuwa vita! Kwa kiganja kile kikubwa majeshi yote mawili yalikuwa yanaruka blanketi. Nilikuwa nasema, "Kile cha kushoto," na mkono wa adui yangu unapima, unasogeza, kwa uaminifu kabisa, halafu mwenyewe anaguna kwa kuona nilipofika. Tulikutana bondeni. Vipande vya kibuyu vikaruka, vikalala, watu wakapiga kelele. Tukalingana, turudie. Tukalingana tena. Harage langu moja, lile majeruhi wa Mlandege, likapasuka vipande viwili kwa kubanwa.

"Amekufa!"

"Hajafa, wamezaliwa wawili!"

Tulitazamana. "Kaka, unasemaje?"

"Nasema nusu mtu anaweza kukaa lakini hawezi kupigana."

"Nimekubali."

Bwalo likalipuka kwa kicheko, na katika kicheko hicho mlango ukafunguliwa. Bwana mwalimu wa zamu, fimbo kwapani, na sufuria mkononi. Alikuja nayo kweli.

"Nilisema nini kuhusu ugomvi?"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye.

"Si ugomvi, bwana mwalimu. Tunaulizana."

Alinikazia macho. "Kumbe una sauti," akasema. "Nimekufundisha tangu mwaka jana sijaisikia. Mnaulizana nini?"

Nikamwambia kanuni zote, pumzi moja. Akasubiri.

"Basi?"

"Basi, bwana mwalimu."

"Na mto je? Askari wanavukaje mto?"

Bwalo zima likaguna, "Aaaa!" Yeye hakuelewa kwa nini, lakini aliketi mwisho wa benchi, akaiweka sufuria miguuni, na hakuondoka mpaka mwisho. Nilimsikia akinong'ona, "Rudi nyuma, rudi nyuma," sijui akimwambia nani.

Nilipanda kilima kabla yake. Kikosi changu cha mwisho kilikuwa kimebaki na maharage mawili na lile nusu. Kama ningemaliza zamu moja pale juu, vita ingekuwa yetu. Kaka akapima, akagusa, tukarusha. Vyangu viwili vililala chali. Vyake vilizunguka, kimoja kikagonga kingo za bakuli, kikageuka kana kwamba kimebadili shauri, vikalala chali vyote vitatu. Nilirudi nyuma shubiri moja, shubiri ile ndefu niliyoichagua mwenyewe, nikaanguka nje ya meza kabisa. Kwa mkono mdogo kama wangu ningebaki ukingoni.

Iringa walimbeba. Kisha, sijui ni nani aliyeanza, wakanibeba na mimi, kichwa kikagonga boriti.

Tulichukua kuni, sisi wa Mbeya, Jumamosi zilizobaki. Njia nzima ya msituni tulikuwa tunabishana: je, vikosi viwili vikifika kilimani pamoja? Je, kama mkono wa mpimaji umevimba? Mwenzangu mmoja aliniambia niteremshe sauti, nawatisha ndege.

Sasa niko nyumbani, likizo, asubuhi ina baridi kali na maharage mapya yameanikwa uani. Jana nilimsimulia mjomba. Nilipofika kwenye ule ugomvi wa mikono alishangaa.

"Shubiri ya nani? Shubiri yangu! Si mimi niliyekuwa nikipima pande zote? Wewe ulikuwa unanyoosha kidole tu, hukuniuliza."

Ni kweli, sikumuuliza.

Leo tumetandika tena. Kabla hajanyoosha mkono, niliweka kiganja changu mezani, nikakifungua, nikasema, "Mjomba, safari hii napima mimi." Akauliza kwa nini. Nikamweleza, na nikaendelea kumweleza mpaka chai yake ikapoa.